Wingu Dogo Kule Mbali: Kisa cha Kolaji ya Kidijitali ya Nabii Eliya

Usuli

Kisa hiki kinahusu kolaji moja, yaani picha iliyoundwa kwa kuunganisha vipande vya picha mbalimbali, iliyotengenezwa kwa kompyuta jijini Dodoma kwa ajili ya ukuta wa ukumbi wa kanisa. Majina ya kanisa, ya mtaa na ya wahusika wote yameondolewa, na mambo machache ya pembeni yamebadilishwa ili asitambulike mtu. Mimi nilishiriki kama mshauri. Kijana aliyeifanya kazi hiyo, ambaye humu nitamwita msanii, aliwahi kuwa mwanafunzi wangu wa usanifu wa picha, na aliniletea kila rasimu kabla ya kuipeleka kwa kamati. Yeye na mchungaji wamekubali kisa kiandikwe.

Mwishoni mwa Agosti kamati ya kanisa iliagiza picha yenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, ichapwe kwenye fleksi, ile plastiki ya mabango, na kutundikwa kabla ya wiki ya maombi ya mvua, ambayo kanisa hilo huifanya mwanzoni mwa Novemba. Anayeishi Dodoma hahitaji kuelezwa kwa nini wiki hiyo ipo. Mvua ya mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 600, tena hunyesha katika msimu mmoja tu, ambao kwa kawaida huanza Desemba na kuishia Aprili. Ikikatika baada ya kuanza, mkulima wa uwele na mtama hulazimika kupanda upya kwa mbegu ambazo pengine hana.

Somo lililochaguliwa lilikuwa Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 18, kuanzia mstari wa 41. Baada ya ukame uliofika mwaka wa tatu, Eliya anapanda kileleni mwa mlima Karmeli, anasujudu na kuuweka uso wake katikati ya magoti, kisha anamwagiza mtumishi wake apande na kutazama upande wa bahari. Mtumishi anatazama na kurudi akisema hakuna kitu. Anatumwa tena hadi mara ya saba, ndipo anaona wingu dogo kama mkono wa mtu likitoka baharini.

Kamati ilitoa maagizo matatu. Picha iwe na kina, kiasi kwamba mtu ajihisi anaweza kuingia ndani yake. Mandhari yawe ya huku kwetu. Na nabii aonekane vizuri. Nilipoyasoma sikuona tatizo lolote ndani yake, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, kwa sababu agizo la kwanza na la tatu yalikuwa yakivutana tangu siku ile.

Vifaa vya msanii vilikuwa kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, programu ya kuhariri picha ya GIMP ambayo hailipiwi, na simu yenye kamera ya megapikseli 12. Muda ulikuwa wiki tisa.

Rasimu ya kwanza na sababu ya kuonekana bapa

Rasimu ya kwanza ilikamilika ndani ya siku kumi, ikiwa na matabaka 38, kila kipande kikiwa na tabaka lake ndani ya faili. Nabii alisimama katikati, mikono ameiinua, anatutazama usoni. Nyuma yake lilikuwepo wingu kubwa lililokatwa kwa umbo la mkono wenye vidole vitano, vilima vya buluu, mbuyu wenye majani, majabali yaliyopigwa picha kwenye vilima vya mjini, na miali ya nuru iliyoshuka kutoka pembe ya juu. Kwenye jabali moja msanii alibandika maumbo mawili ya watu warefu aliyoyachukua kwenye picha za michoro ya mapangoni ya Kolo, wilayani Kondoa.

Kila kipande kilikatwa kwa uangalifu mkubwa, na nilimsifu kwa hilo. Hata hivyo picha ilikuwa bapa. Vitu vilionekana kama bidhaa zilizopangwa kwenye rafu moja ya duka, vyote vikiwa umbali mmoja na jicho.

Tulikaa jioni nzima tukitafuta sababu, na naona ni vyema kuieleza kwa kirefu kwa kuwa ndiyo inayowakwamisha wengi. Kolaji kwa asili yake hupingana na kina. Wachoraji Picasso na Braque walipoanza kubandika karatasi kwenye picha zao mwaka 1912, sehemu kubwa ya nguvu ya njia hiyo ilitokana na namna kipande cha gazeti kinavyomkumbusha mtazamaji kwamba anatazama uso wa karatasi, wala si dirisha. Ukingo uliokatwa unajitangaza. Kipande kilichotoka kwenye picha nyingine kinakuja na jua lake, hewa yake na umbali wake, na visipolazimishwa kukubaliana na vya wenzake, jicho linagundua mara moja kwamba vitu hivi havijawahi kukaa mahali pamoja.

Msanii alihisi upungufu huo, akajaribu kuuziba kwa kuongeza kivuli cha programu chini ya kila kipande. Dawa hiyo iliongeza ugonjwa. Kivuli cha aina ile humwambia mtazamaji kwamba kipande kimeinuliwa sentimita moja juu ya karatasi, ilhali alichotaka kusema ni kwamba kati ya jabali na kilima kuna kilomita tano. Tulivifuta vyote 38 usiku huohuo.

Maumbo ya Kolo nayo yaliondoka katika hatua hii, kwa uamuzi wa msanii mwenyewe. Michoro ile iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, lakini kwa baadhi ya wakazi wa eneo hilo mapango yale bado ni mahali pa matambiko, yakiwemo ya kuomba mvua. Kuyachukua maumbo hayo na kuyafanya pambo la jabali katika picha ya maombi ya watu wengine kungekuwa kuingilia sala ya jirani. Kamati ilikubali bila mjadala.

Jua, vumbi na mbuyu

Picha zake nyingi msanii alizipiga mchana kwa sababu ndio muda aliokuwa nao. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita karibu kabisa na utosi. Kivuli cha mtu kinakuwa duara dogo miguuni, mashimo ya macho yanajaa giza, na majabali yanapoteza umbo lake kwa kuwa hayana upande wa nuru na upande wa kivuli. Picha chache za jioni alizochanganya humo zilikuwa na vivuli virefu vya kuelekea kushoto, na nyingine mbili za asubuhi zilielekea kulia.

Uamuzi ulikuwa kupiga upya kila kitu cha mbele na cha kati kwa nuru moja. Tulichagua muda wa kama saa kumi na moja na dakika kumi jioni, jua likiwa takriban nyuzi 20 juu ya upeo wa macho. Tulikuwa na kipimo rahisi: fimbo ya mita 1 ilisimikwa karibu na kila kilichopigwa picha, na kivuli chake kilipofika mita 2.7 msanii alianza kupiga, akisimama kila mara ili kivuli kielekee upande uleule. Ilichukua jioni sita. Ni kazi inayochosha, lakini baadaye iliokoa siku nyingi za kurekebisha vivuli kwa mkono, kazi ambayo ni mara chache sana huishia pazuri.

Jambo la pili lilikuwa hewa. Mafunzo ya video aliyoyafuata msanii yanasema kitu kikiwa mbali kipauke na kielekee buluu. Hilo ni kweli mahali ambapo hewa ni safi, na ndiyo maana milima ya Uluguru huonekana buluu ukiwa mbali. Dodoma ya Oktoba ina vumbi hewani, na chembe za vumbi, kwa kuwa ni kubwa, hutawanya rangi zote za nuru karibu sawasawa. Kwa hiyo mbali kwetu hakuwi buluu. Kunakuwa kweupe kwenye hudhurungi hafifu, kama chai iliyozidiwa maziwa. Mama mmoja wa kamati alipoviona vilima vya rasimu ya kwanza aliuliza kwa nini nabii wetu anaombea mvua Lushoto. Lushoto ni milimani, ambako hewa haina vumbi letu, na swali hilo lilikuwa na elimu yote ndani yake.

Msanii aligawa mandhari katika kanda nne za umbali, na juu ya kila kanda akaweka tabaka jembamba la rangi ya vumbi: hakuna kabisa kwa mbele, asilimia 15 kwa kanda ya pili, 40 kwa ya tatu na 70 kwa vilima vya mwisho. Kisha akapunguza makali ya kingo kwa uwiano huohuo. Jabali la mbele lilibaki na ukingo mkali wa mkasi, hata ukaona mahali lilipokatwa. Vilima vya mwisho viliyeyuka ndani ya anga. Nilipenda uamuzi huo wa kuacha mikato ionekane mbele, kwa sababu kazi ilibaki kuwa kolaji waziwazi bila kupoteza umbali.

Mbuyu wenye majani ulitoka. Ulipigwa picha Februari, na picha ya ukame wa miaka mitatu haiwezi kubeba mbuyu uliokwisha kunywa. Ulioingia badala yake ulikuwa mtupu, matawi yake kama mizizi iliyoelekezwa juu.

Uso wa mzee

Katika rasimu ya kwanza na ya pili uso wa nabii ulikuwa wa mzee mmoja mfugaji, jirani wa familia ya msanii. Alikubali kupigwa picha, kwa mdomo, baada ya kuambiwa ni kwa ajili ya picha ya kanisani. Hakuambiwa kwamba angekuwa nabii, na wala hakuonyeshwa rasimu. Mjumbe wa kamati aliisambaza rasimu ya pili katika kundi la WhatsApp, na kabla ya jioni kuisha ilikuwa imefika kwenye simu ya mwana wa mzee yule.

Mzee huyo ni Mwislamu. Eliya katika Qurani ni Ilyasi, ametajwa miongoni mwa mitume, na katika Sura ya 37 anawakanya watu wake kumwabudu Baali, ugomvi uleule unaosimuliwa katika Biblia. Kwa mafundisho ambayo familia ile inayashika, mtume hachorwi, na mtu wa kawaida kuvalishwa sura ya mtume ni jambo zito. Mzee hakukasirika kwa sauti. Alimwita msanii nyumbani, akamkaribisha, akamwambia, "Mwanangu, ungeniuliza tu." Msanii alinisimulia maneno hayo huku akitazama chini.

Alimwomba radhi mbele ya wanawe, na mchungaji akaenda siku iliyofuata kufanya vivyo hivyo kwa niaba ya kanisa. Picha zote za mzee zilifutwa kwenye simu, kwenye kompyuta na kwenye faili la kazi, pamoja na mikono yake, ambayo msanii alidhani angeweza kuibakiza kwa kuwa haitambuliki. Nilimshauri asiibakize. Ruhusa ilikuwa imetolewa kwa jambo moja na kutumiwa kwa jingine, na mkono ni wa mwenye mkono hata kama hakuna anayeujua.

Msanii alibaki na picha isiyo na nabii zikiwa zimesalia wiki tano, na ndipo alipolirudia andiko na kulisoma polepole. Mstari wa 42 unasema nabii aliuweka uso wake katikati ya magoti. Uso hauonekani! Tulikuwa tumehangaika na uso ambao andiko lenyewe limeuficha. Kaka yake msanii alikubali kuinama juu ya jabali kwa jioni mbili, safari hii kwa karatasi iliyosainiwa na baada ya kuonyeshwa mchoro wa penseli wa picha nzima. Mgongo wake ulivikwa picha ya ngozi ya mbuzi yenye manyoya, kwa kufuata Kitabu cha Pili cha Wafalme 1:8 ambako Eliya anatambulishwa kwa vazi la manyoya na mshipi wa ngozi.

Nani awe mkubwa

Rasimu ya tatu ilizua mabishano makali kuliko zote. Nabii alikuwa mbele, chini kushoto, mkubwa na mweusi, amejikunja kama jabali miongoni mwa majabali. Mtumishi alisimama juu zaidi, upande wa kulia, mdogo, mwili wake ukikata anga. Wajumbe watatu waliona kwamba nabii amedhalilishwa na mtumishi amepewa utukufu usio wake. Mzee mmoja wa kanisa alileta kalenda yenye ikoni, yaani picha ya ibada ya mapokeo ya kale, ya mtakatifu, nyuma yake dhahabu tupu, akauliza kwa nini yetu isiwe hivyo: mtakatifu mkubwa, katikati, anatutazama.

Swali la mzee huyo lilistahili jibu la heshima, kwa kuwa alikuwa anagusa mapokeo makubwa. Mchoraji wa ikoni hamweki mtakatifu mbali. Dhahabu inafuta umbali, na mara nyingi mistari ya kiti au kitabu hupanuka kadiri inavyokwenda nyuma, kana kwamba picha inafunguka kumwelekea anayesali. Ukubwa pale ni cheo. Upo mkondo mwingine, ule wa mchoraji Mwitalia Masaccio, ambaye mnamo mwaka 1427 alichora Utatu Mtakatifu katika kanisa la Santa Maria Novella mjini Florence, akaufanya ukuta uonekane kama chumba chenye dari linalorudi nyuma kwa vipimo. Ukubwa pale ni umbali. Picha moja yaweza kuzitumia lugha zote mbili, lakini huwezi kumwambia mtazamaji kwa sentensi ileile kwamba kikubwa kiko karibu na kwamba kikubwa ni kitakatifu, kisha ukategemea aelewe kwamba wingu dogo ndiyo habari yenyewe.

Hapo tulilikabili tatizo halisi la kazi hii. Katika somo hili, kilicho muhimu kuliko vyote ni kidogo kuliko vyote na kiko mbali kuliko vyote. Picha ikimtukuza nabii kwa ukubwa, wingu linapotea. Ikilikuza wingu, andiko linapotoshwa. Mchungaji aliwasomea wajumbe mistari ile minne, akawauliza ni nani ndani yake anayetazama. Jibu lilikuwa mtumishi. Nabii anaomba, hatazami. Kamati ilipiga kura, watano kwa wawili, kuuacha mpangilio ulivyo. Mzee mwenye kalenda alikuwa miongoni mwa wawili, na aliendelea kuhudhuria vikao hadi mwisho.

Kiganja na wingu

Wingu lenye vidole lilikuwa limeondoka mapema. Lilikuwa limechukuliwa mtandaoni, na chapa ya mwenye picha ilionekana kwa hafifu lilipokuzwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haitofautishi kuta za kanisa na kuta za duka. Zaidi ya hilo, andiko linazungumzia udogo wa wingu, wala halisemi lina vidole.

Msanii alilipata suluhisho akiwa juani, wala hakuwa kwenye kompyuta. Mdogo wake, aliyekuwa akisimama kama mtumishi, aliinua kiganja kujikinga na mwanga, na msanii akaona kwamba kiganja kile kilifunika kilima kizima. Kiganja cha mtu mzima kikinyooshwa mbele hufunika takriban nyuzi 10 za mandhari. Basi pengine hivyo ndivyo mtumishi alivyolipima wingu: alinyoosha mkono, akalinganisha.

Katika picha ya mwisho mtumishi ameunyoosha mkono mbele, kiganja wazi, na pembeni mwa ncha za vidole, mbali juu ya upeo wa macho, liko wingu lenye upana uleule juu ya fleksi: sentimita 9 kwa sentimita 9. Kiganja kina kingo kali, mistari ya ngozi na upande wenye kivuli cheusi. Wingu halina ukingo hata mmoja mkali na limefunikwa na vumbi, isipokuwa mgongo wake ambao ni mweupe kuliko kitu chochote kwenye picha. Vitu viwili vyenye ukubwa mmoja vikikaa karibu, kimoja kikiwa na makali na kingine kikiwa laini, akili inalazimika kukisukuma cha pili mbali. Kina chote cha picha kinatokea katika nafasi ile ndogo kati ya vidole na wingu.

Ili jicho lifike hapo, anga lote lingine liliachwa tupu. Kamati ilitamani sana andiko liandikwe angani kwa herufi kubwa. Msanii aliwaonyesha nakala mbili, moja yenye maandishi na moja isiyo nayo, akawaomba walitafute wingu. Penye maandishi, wajumbe walisoma kwanza na kutazama baadaye. Maneno yalihamishiwa kwenye ubao mwembamba chini ya picha.

Faili na uchapaji

Sehemu hii naipita haraka. Mwanzoni msanii alitengeneza faili la pikseli (nukta za picha) 300 kwa inchi, ambalo kwa mita 3 kwa 2 ni pikseli 35,433 kwa 23,622, na kompyuta ikaganda. Kutoka umbali wa mita 4, ambapo kiti cha kwanza cha ukumbi kinaanzia, jicho lenye afya halitenganishi nukta zilizokaribiana chini ya takriban milimita 1.2. Tulishuka hadi pikseli 60 kwa inchi, yaani 7,087 kwa 4,724, ambapo kila pikseli ina milimita 0.42. Matabaka yaliunganishwa kwa kanda hadi yakabaki 20. Mandhari ya nyuma yaliunganishwa kwa Hugin, programu ya kuunga picha zinazopishana, kutoka picha tatu zilizopishana kwa asilimia 30, ili kutoikuza picha moja ya simu kupita uwezo wake.

Kabla ya kuchapa, kipande cha ukubwa wa karatasi ya A3 kilijaribiwa. Manyoya ya nabii na jabali lililo nyuma yake viliungana kuwa doa moja jeusi. Kwenye kioo cha kompyuta, ambacho kinatoa nuru, tofauti ile ya giza ilionekana. Kwenye wino ilitoweka. Msanii aligeuza picha nzima kuwa nyeusi na nyeupe, akapandisha nuru kwenye ukingo wa mgongo wa nabii hadi tofauti ikaonekana bila msaada wa rangi, kisha akairudishia rangi.

Matokeo

Picha ilitundikwa siku mbili kabla ya wiki ya maombi. Watu wazima wengi walimwona nabii kwanza, wakafuata mstari wa jabali hadi kwa mtumishi, kisha mkono, kisha wingu. Watoto waliliona wingu kwanza, na sina maelezo ya kuridhisha ya jambo hilo. Mzee mwenye kalenda alikaa mbele yake muda mrefu na kumwambia msanii kwamba mgongo ule unaomba kweli.

Mambo mawili yalishindikana. Fleksi iliyotumika ilikuwa ya kung'aa, na taa za ukumbi ziliakisi juu ya picha upande uleule wa wingu. Aliyeketi safu za nyuma usiku hakuliona kabisa. Pili, mstari mwembamba wa maji chini ya wingu, uliowakilisha bahari, ulidhaniwa na wengi kuwa ni barabara ya lami. Msanii aliutoa kwenye picha ndogo ya bwawa la Hombolo iliyopigwa kitambo, akaivuta kwa mlalo hadi mawimbi yakageuka mistari minyoofu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kupiga picha upya kwa nuru moja. Hatua zote zilizofuata, za vumbi, kingo na matabaka, zilisimama juu ya hiyo. Tungeruka jioni zile sita, mbinu za kompyuta zingeishia kupamba kutokukubaliana kwa vipande.

Kulirudia andiko kulifanya kazi kuliko ushauri wangu. Mara tatu kazi ilikwama, kwenye uso, kwenye ukubwa na kwenye umbo la wingu, na mara zote tatu mstari wa Biblia ulikuwa na maelekezo mengi zaidi ya mpangilio kuliko vile tulivyokuwa tumekisia: uso umefichwa, anayetazama yuko juu, wingu linapimwa kwa mkono. Msanii wa picha za dini hana budi kulisoma somo lake kama mpiga picha anavyosoma eneo, akiuliza kila aliyetajwa amesimama wapi na anatazama wapi, kabla hajafungua programu yoyote.

Kuhusu mzee mfugaji, lawama kubwa ni yangu. Nilikuwa nimemfundisha kijana kupima kivuli na kusafisha kingo, na sikuwahi kumfundisha namna ya kumwomba mtu sura yake. Ruhusa inapaswa kusema picha itakuwa ya nini, mtu huyo atakuwa nani ndani yake, itatundikwa wapi, na anaweza kujiondoa hadi lini. Rasimu nayo isingesambazwa kabla aliyemo hajaiona; siku hizi msanii huweka maandishi mapana juu ya kila rasimu na kuonyesha kikaoni tu.

Kosa la fleksi lingeepukwa kwa kuingia ukumbini usiku, taa zikiwa zimewashwa, na kushikilia kipande kile cha A3 ukutani. Tulikijaribu dirishani kwangu, mchana. Chapa ya pili imekubaliwa na kamati, kwenye kitambaa kisichong'aa, na wingu halitaguswa. Maji ndiyo yatakayobadilika: msanii alikwenda Bahi mwezi Machi, mbuga ya huko ikiwa imejaa maji, akasimika fimbo yake ukingoni na kungoja kivuli kifike mita 2.7.